Cecil Sharp: Aliyeokoa nyimbo za wanyonge wa Uingereza na kuzipigia muhuri wake

WAKATI Cecil James Sharp anafariki dunia huko Hampstead, London, Juni 23, mwaka 1924, alikuwa ameacha madaftari yenye mahadhi 4,977 ya nyimbo na ngoma za jadi. Karibu yote aliyaandika kwa mkono wake, kwa kusikiliza tu, kutoka vinywani mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kusoma nota hata moja ya muziki.

Walikuwa vibarua wa mashambani, washona glavu, mabaharia wastaafu, wake wa wakulima wa milimani na vikongwe waliokuwa wakingojea siku zao katika nyumba za maskini. Wengi wao walikuwa wamekula chumvi nyingi, na watoto wao hawakuwa na hamu tena na nyimbo hizo. Kama asingetokea mtu wa kuwasikiliza katika miaka ile, sehemu kubwa ya walichokijua wangezikwa nacho.

Karne moja baada ya kifo chake, jina la Sharp bado linazua mabishano makali miongoni mwa watu wanaofuatilia muziki wa jadi wa Uingereza. Wapo wanaomtukuza kama mwokozi wa urithi wa taifa. Wapo pia wanaomwona kuwa ni msomi wa mjini aliyechukua mali ya maskini, akaisafisha kwa ladha ya tabaka lake na kuitia katika vitabu vilivyobeba jina lake. Anayeyatazama maisha yake kwa utulivu ataona kwamba kila upande una ushahidi wake.

Mwana wa mfanyabiashara

Sharp alizaliwa Novemba 22, mwaka 1859, Denmark Hill, kusini mwa London, akiwa mtoto wa kiume wa kwanza wa mfanyabiashara wa mawe ya kuezekea nyumba. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki katika mapokeo ya Kikristo, na ndiyo asili ya jina lake. Baba yake alikuwa mpenzi wa muziki na wa vitu vya kale, lakini hakuna aliyetarajia kwamba kijana huyo angefanya muziki kuwa riziki yake.

Alisoma katika shule ya Uppingham, kisha akajiunga na Chuo cha Clare, Chuo Kikuu cha Cambridge, alikosomea hisabati na kuhitimu mwaka 1882. Mwaka huo huo akapanda meli kwenda Australia kutafuta maisha.

Katika mji wa Adelaide alifanya kazi benki, baadaye akawa msaidizi wa Jaji Mkuu wa Australia Kusini, Sir Samuel Way. Huku nyuma muziki ulikuwa unamvuta. Alipiga kinanda katika kanisa kuu la Mtakatifu Petro, akaongoza kwaya, na mwaka 1889 akaacha kazi ya sheria na kuwa mkurugenzi mwenza wa chuo cha muziki mjini humo. Ubia huo ulivunjika miaka miwili baadaye, na mwaka 1892 akarejea nyumbani akiwa na umri wa miaka 32 na bila jina lolote.

Jambo moja la Adelaide halina budi kukumbukwa. Huko ndiko alikofahamiana na Charles Marson, kasisi wa Kianglikana mwenye siasa za kijamaa na ulimi mkali. Bila urafiki huo, huenda Sharp angebaki mwalimu wa muziki tu.

Aliporudi London alimwoa Constance Birch mwaka 1893, wakajaliwa watoto wanne. Alifundisha muziki katika shule ya wavulana ya Ludgrove, na mwaka 1896 akawa mkuu wa chuo cha muziki cha Hampstead, kazi ya nusu muda iliyokuja na nyumba ya kuishi. Alikuwa mtu wa afya dhaifu, mwenye pumu isiyomwacha, asiyekula nyama na mwepesi wa kukasirika. Hadi anafikisha miaka 40 hakuwa ameonyesha dalili ya kuacha alama yoyote katika historia.

Njuga katika baridi

Desemba 26, mwaka 1899, familia ya Sharp ilikuwa imekwenda kula sikukuu kwa mama mkwe wake huko Headington, nje kidogo ya mji wa Oxford. Ardhi ilikuwa imefunikwa na barafu. Mara likatokea kundi la wanaume waliovaa mavazi meupe, wenye njuga miguuni na utepe mabegani, wakasimama mbele ya nyumba na kuanza kucheza.

Ngoma hiyo inaitwa morris. Huchezwa na wanaume sita katika safu mbili, wakirusha miguu kwa mpigo wa pamoja huku wakipunga vitambaa vyeupe au kugonganisha fimbo. Kwa desturi msimu wake ni Pentekoste, wakati wa joto. Wanaume wale walikuwa wametoka nje ya msimu kwa sababu rahisi: wengi walikuwa mafundi wa ujenzi, baridi ilikuwa imesimamisha kazi, na walihitaji senti za kununulia mkate.

Aliyewapigia muziki alikuwa fundi mwashi kijana, William Kimber, mwenye umri wa miaka 27. Alipiga konsetina, kinanda kidogo cha mkononi chenye undugu na kodiani. Sharp alimwomba arudi kesho yake, akaandika kutoka kwake mahadhi matano.

Simulizi hii imerudiwa mara nyingi hadi imekuwa kama hekaya ya kuzaliwa upya kwa ngoma za Kiingereza. Hata hivyo, ina mambo mawili ambayo mara nyingi huachwa nje. La kwanza ni kwamba kundi la Headington lilikuwa limekoma kucheza tangu mwaka 1887, na lilikuwa limefufuliwa mapema mwaka huo wa 1899 kwa ushawishi wa Percy Manning, mtafiti wa mambo ya kale wa Oxford. La pili, na kubwa zaidi, ni kwamba Sharp aliyatia mahadhi yale kabatini na kuyaacha humo kwa karibu miaka sita. Aliyekuja kuyatoa alikuwa mwanamke, na habari zake zitafuata.

Bustani ya kasisi

Kilichomwamsha Sharp kilikuwa wimbo. Mwaka 1903 alikwenda kumtembelea rafiki yake Marson, ambaye sasa alikuwa kasisi wa kijiji cha Hambridge katika wilaya ya Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Akiwa ameketi bustanini alimsikia mtunza bustani akiimba huku akikata majani. Mtu huyo aliitwa John England, na wimbo wake uliitwa The Seeds of Love.

Sharp alitoa daftari, akaandika mahadhi na maneno, kisha akautungia wimbo huo sauti za piano. Jioni hiyo hiyo mwimbaji aliyekuja naye, Mattie Kay, aliuimba mbele ya wanakwaya wa kanisa waliokuwa wamekusanyika kwa chakula. Asubuhi ulikuwa wimbo wa mtunza bustani peke yake, uso kwa uso na majani yake. Usiku ulikuwa na piano, mwimbaji aliyefunzwa na hadhira. Mwenendo mzima wa kazi ya Sharp ulionekana ndani ya siku hiyo moja.

Kuanzia hapo hakupumzika. Kila likizo ya shule aliondoka London na kuzunguka Somerset kwa baiskeli, akibisha hodi katika nyumba za wafanyakazi wa mashambani. Hambridge kwenyewe aliwapata ndugu wawili wa kike, Louisa Hooper na Lucy White, waliokuwa na hazina ya nyimbo walizorithi kwa mama yao. Hooper peke yake alimpa nyimbo nyingi kiasi kwamba alimrudia mara kwa mara.

Ilihitajika subira. Mzee aliyezoea kuimba kilabuni au kazini hakuona sababu ya kumwimbia bwana wa mjini mwenye kalamu. Wengine walidhani wanachekwa. Sharp, ambaye kwa wasomi wenzake alikuwa mgumu na mbishi, mbele ya waimbaji alikuwa mpole, akakaa jikoni mwao, akawapiga picha na kuwapelekea nakala. Kwa miaka michache tu alikuwa amekusanya katika wilaya hiyo nyimbo zaidi ya 1,600 kutoka kwa waimbaji wapatao 350.

Kati ya mwaka 1904 na 1909 vilitoka vitabu vitano vya nyimbo za Somerset. Vitatu vya kwanza alivihariri pamoja na Marson, kabla hawajagombana na urafiki wao kuvunjika.

Vitabu hivyo vilipata wasomaji kwa sababu vilijibu kiu ya wakati huo. Kwa miaka mingi Waingereza walikuwa wakidhihakiwa, hasa na Wajerumani, kwamba hawana muziki wao wenyewe. Sasa yalitoka mashambani mahadhi ya kale, mengine katika mizani ya sauti ambayo wanamuziki wa mjini walikuwa wameisahau. Gustav Holst alitunga A Somerset Rhapsody kutokana na nyimbo za Sharp na kumtunukia yeye kazi hiyo. Ralph Vaughan Williams naye alianza kukusanya nyimbo mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1903.

Mkasi wa mhariri

Ikumbukwe kwamba nyimbo nyingi za mashambani hazikuwa za kuimbiwa sebuleni. Zilisimulia wasichana waliopata mimba, mabwana waliodanganya, wauaji na wazinzi, kwa lugha ya wazi isiyo na haya. Marson na Sharp walikata beti, wakabadilisha maneno, na pale ilipobidi wakatunga beti mpya. Pia walipachika piano chini ya nyimbo ambazo kwa desturi ziliimbwa bila chombo chochote.

Lakini katika madaftari yake Sharp aliacha maneno karibu kama alivyoyasikia. Mkasi ulipita kwenye kitabu cha dukani, haukupita kwenye daftari. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyowawezesha watu wa baadaye kurudi kwenye asili, na inamtofautisha na wakusanyaji wengine ambao hawakuacha chochote cha kulinganisha.

Mwaka 1907 alichapisha kitabu kilichoeleza nadharia yake. Kwa maoni yake, wimbo wa jadi huongozwa na mambo matatu: mwendelezo unaouunganisha wimbo wa leo na wa zamani, mabadiliko yanayoletwa na kila mwimbaji, na uteuzi wa jamii inayoamua kipi kibaki na kipi kife. Nadharia hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1954, miaka 30 baada ya kifo chake, baraza la kimataifa la muziki wa jadi lilitumia misingi hiyo hiyo katika tafsiri yake rasmi.

Udhaifu wake ulikuwa katika picha ya mwimbaji. Sharp alimtaka mwanakijiji asiyeguswa na mji wala kitabu. Watafiti waliomfuata wameonyesha kuwa nyimbo nyingi alizokusanya zilikuwa zimechapishwa katika karatasi za senti moja zilizouzwa mitaani kwa karne kadhaa. Wimbo ulitoka mjini ukaenda shamba, ukarudi mjini. Wanakijiji wa Somerset walikuwa wakisoma, wakisafiri na kuimba pia nyimbo za kumbi za starehe, lakini hizo Sharp hakuziandika.

Katika mwaka 1914 alikutana na John Short, baharia mzee wa bandari ndogo ya Watchet, aliyempa nyimbo 57 za kuvutia kamba na kung'oa nanga. Zilikuwa nyimbo za watu waliopita bandari za dunia nzima, na hakuna anayeweza kudai zilizaliwa katika kijiji kimoja cha Kiingereza.

Wasichana wa cherehani

Mwaka 1905 Sharp alipata mgeni. Mary Neal alikuwa akiendesha klabu ya Espérance katika eneo la St Pancras, London, kwa ajili ya wasichana maskini waliofanya kazi ya ushonaji kwa saa nyingi na ujira mdogo. Alikuwa ameianzisha muongo mmoja kabla akiwa na Emmeline Pethick, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za wanawake kudai haki ya kupiga kura. Neal alitaka nyimbo za kuwafundisha wasichana wake. Sharp akampa. Wasichana walizipokea kwa furaha kubwa, na Neal akarudi kuuliza kama kuna ngoma za kwenda nazo.

Sharp akamkumbuka Kimber. Neal akafunga safari hadi Headington, akamtafuta fundi mwashi yule, na muda si mrefu Kimber na binamu yake walikuwa London wakiwafundisha washonaji ngoma ya morris. Mwaka 1906 wasichana hao walitumbuiza hadharani, Sharp akitoa mhadhara. Maombi ya walimu yakamiminika kutoka kila pembe ya nchi, na watoto wa mitaa maskini ya London wakasambaa kwenda kuwafundisha wengine ngoma za kijijini. Hapo ndipo ngoma ya morris ilipofufuka kweli, mikononi mwa wasichana wa cherehani.

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Mwaka 1907 Sharp alitoa kitabu cha kwanza cha morris kwa kushirikiana na Herbert MacIlwaine, mwongozaji wa muziki wa klabu. Kisha ufa ukaonekana.

Sharp aliamini kwamba kila hatua lazima ifundishwe kama ilivyoandikwa, na walimu waliofuzu na kupimwa. Kwake ngoma ilikuwa sanaa yenye kanuni, na kosa likipita kwa mwalimu mmoja litazaa makosa elfu. Neal aliona kwamba ngoma ni mali ya watu wa kawaida na hupitishwa na watu wa kawaida, kutoka kwa mchezaji hadi mchezaji, na kwamba furaha ya mchezaji ni sehemu ya usahihi wake. Waliandikiana barua kali, wakapingana magazetini, na kufikia mwaka 1910 walikuwa hasimu wa wazi.

Mabishano hayo hayakuwa ya miguu peke yake. Neal alikuwa mwanaharakati wa kura kwa wanawake, na Sharp hakupendezwa na harakati hizo, ingawa alikuwa mwanachama wa chama cha kijamaa cha Fabian. Ajabu ni kwamba dada yake mwenyewe, mwandishi Evelyn Sharp, alikuwa mstari wa mbele katika mapambano hayo na alifungwa jela kwa ajili yake.

Sharp alishinda, na alishinda kwa mpangilio. Mwaka 1909 alianzisha shule ya morris katika chuo cha ufundi cha Chelsea. Mwaka 1911 akachukua uongozi wa shule ya majira ya joto ya Stratford-upon-Avon, na Desemba mwaka huo akaunda Chama cha Ngoma za Jadi za Kiingereza, chenye matawi, mitihani na vyeti. Klabu ya Espérance ilififia vita vilipoanza mwaka 1914. Neal alipewa nishani ya kifalme mwaka 1937, akafariki mwaka 1944, na kwa miongo mingi vitabu vya historia vilimtaja kwa mistari michache tu. Huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa mahadhi ya Kimber yaliyokaa kabatini kwa miaka sita yalitoka kwa mkono wake.

Sharp naye aliendelea kupanua kazi. Alikwenda kaskazini kuandika ngoma za panga, na akafufua kutoka kitabu cha John Playford cha mwaka 1651 ngoma za wanaume na wanawake ambazo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuziona zikichezwa. Sehemu ya kilichokuja kuitwa ngoma ya jadi mashuleni kilitokana na tafsiri yake ya maandishi ya kale.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpiga pabaya. Kundi lake la wanaume wa maonyesho lilikuwa la vijana wenye elimu waliofunzwa naye. Wanne kati yao, George Butterworth, Perceval Lucas, George Wilkinson na Reginald Tiddy, waliuawa vitani mwaka 1916. Butterworth alikuwa pia mtunzi wa muziki aliyetarajiwa kufika mbali. Picha fupi za filamu za mwaka 1912 zinazomwonyesha akirukaruka kwa wepesi bado zipo.

Milima ya Appalachia

Habari hizo zilimkuta Sharp ng'ambo ya bahari. Mwishoni mwa mwaka 1914, akiwa hana kipato cha uhakika nyumbani, alikwenda New York kusaidia ngoma katika tamthiliya ya Shakespeare. Mwaka 1915, akiwa mgonjwa kitandani huko Massachusetts, alitembelewa na Olive Dame Campbell, mke wa mtafiti wa jamii za milimani. Mama huyo alifungua mkoba na kumwonyesha nyimbo alizozikusanya mwenyewe katika milima ya Appalachia, kusini mashariki mwa Marekani.

Sharp alitambua mara moja kilichokuwa mbele yake. Nyimbo ambazo Uingereza alizipata kwa vikongwe peke yao, huko ziliimbwa na vijana na watoto, wazao wa wahamiaji waliozichukua kutoka Uingereza, Scotland na Ireland.

Kati ya mwaka 1916 na 1918 alitumia jumla ya wiki 46 milimani, akifuatana na msaidizi wake Maud Karpeles. Walipita North Carolina, Tennessee, Virginia, West Virginia na Kentucky, mara nyingi kwa miguu katika njia za mawe. Sharp aliandika mahadhi, Karpeles akaandika maneno kwa hati mkato. Chakula kilikuwa cha mafuta ya nguruwe, jambo gumu kwa mtu asiyekula nyama, na pumu na homa vilimlaza mara kadhaa. Alikuwa karibu na miaka 60.

Katika mji wa Hot Springs, North Carolina, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, Jane Gentry, alimwimbia nyimbo zaidi ya 60. Huko Kentucky, mwaka 1917, aliona kwa mara ya kwanza ngoma ya wakazi wa milimani iliyochezwa kwa kasi ya ajabu, naye akaiandika hatua kwa hatua. Walipomaliza walikuwa na mahadhi 1,612 kutoka kwa waimbaji 281. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1917 kwa jina lake na la Campbell, na kile kikubwa cha juzuu mbili kikahaririwa na Karpeles mwaka 1932.

Hapa pia alichagua cha kusikia. Alitafuta Uingereza milimani, kwa hiyo nyimbo za banjo, nyimbo za dini na muziki wa zeze kwa sehemu kubwa aliupita kando. Watu weusi walioishi katika eneo lile lile karibu hakuwaandika kabisa, na maandishi yake ya safarini yana maneno ya dharau juu yao ambayo hayawezi kutetewa. Mwaka 1918, huko Virginia, aliandika wimbo wa kale wa Kiingereza kutoka kwa mwanamke mzee mweusi aliyezaliwa utumwani. Kisa hicho kimoja kilitosha kuonyesha kwamba nyimbo hizo zilikuwa zimevuka mpaka wa rangi zamani, lakini Sharp hakukifuata.

Nyumba na madaftari

Aliporejea nyumbani serikali ilimpa kazi mwaka 1919 ya kukagua nyimbo na ngoma za jadi katika vyuo vya ualimu. Kizazi kizima cha watoto wa Uingereza kilikua kikiimba na kucheza alichokiandika, wengine kwa raha, wengine kwa kulazimishwa na walimu wenye filimbi. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunuku shahada ya heshima ya muziki. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa na umri wa miaka 64.

Wafuasi wake walichangisha fedha za kujenga makao katika eneo la Regent's Park, London. Mwezi Juni mwaka 1929 jiwe la msingi liliwekwa na William Kimber, ambaye kwa kazi yake ya uashi alijua vyema jinsi ya kulikalisha. Jengo lilifunguliwa mwaka 1930 na kupewa jina la Cecil Sharp. Halikupewa jina la mwimbaji yeyote. Mwaka 1940 lilipigwa bomu, likakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1951. Kimber mwenyewe aliishi hadi mwaka 1961, akipiga konsetina yake.

Mashambulizi makali zaidi dhidi ya Sharp yalikuja baadaye. Mwaka 1985 Dave Harker alichapisha kitabu kilichomtuhumu yeye na wakusanyaji wenzake kwa kutengeneza utamaduni wa bandia kutokana na nyimbo za wafanyakazi na kufaidika nao. Mtafiti C. J. Bearman alijibu kwa kuzipitia takwimu za Harker na kudai kwamba zilikuwa na makosa mengi. Mjadala huo haujafungwa, lakini kumwita Sharp mwizi ni kuvuka mpaka. Mwizi hahifadhi jina la mwenye mali. Kosa lake lilikuwa jingine: alijipa mamlaka ya kuamua wimbo upi ni wa kweli, hatua ipi ni sahihi na nani anafaa kufundisha, na mamlaka hayo hakumgawia mwashi wala mshonaji.

Madaftari ya awali aliyarithisha Chuo cha Clare, alikosoma. Tangu mwaka 2013 kazi zake, pamoja na za wakusanyaji wengine, zimewekwa katika intaneti na maktaba iliyomo ndani ya jengo lenye jina lake. Pembeni mwa wimbo kuna jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Louisa Hooper yupo, John England yupo, John Short wa Watchet yupo. Zipo pia beti ambazo Marson alizikata, na waimbaji wa siku hizi wanazitafuta humo na kuziimba tena jukwaani, mimba, wauaji na yote.